Kimya cha Mgongaji

Mgongaji alinyoosha mkono wake wa chuma, akagonga dari mara tatu. Ko. Ko. Ko. Kisha akanyamaza.

Mita mia nne chini ya jiji la Lihondo, ndani ya tabaka la makaa ya mawe lenye kimo cha mtu mzima, kila kitu kilisimama pamoja naye. Ngoma yenye meno iliyokuwa ikikwangua makaa iliacha kuzunguka. Mkanda wa kubebea ukatulia. Vumbi lilielea kwenye mwanga wa taa kama halijui liende wapi. Nyuma ya mtambo, watu wanne waliovaa barakoa walishusha mashine zao za kupachika nondo darini, wakasubiri. Ikapita sekunde moja, tano, kumi. Ilipofika ya kumi na nne, taa ya kijani ikawaka begani kwa Mgongaji, ngoma ikanguruma upya, makaa yakaanza kumwagika mkandani.

"Kumi na nne," alisema Kanisia Mtweve.

Alikuwa amekaa huko juu, kwenye kiwanda cha kuoshea makaa, katika chumba kidogo kilichoitwa chumba cha vikombe. Kiwambo cha ukutani kilionyesha kila kinachotendeka chini ya ardhi.

"Wewe na kuhesabu kwako!" alicheka Tekla, mwenzake wa zamu, mama mnene mwenye sauti ya kwaya. "Ukifa tutakuzika na saa."

"Asubuhi ni kumi na nne. Kabla ya zamu kuisha zitakuwa ishirini na zaidi. Juzi zilifika ishirini na sita. Mashine gani inachoka, mama Tekla?"

"Muulize mjomba wako, yeye ndiye anayefuatana naye kila siku."

Alikwishamuuliza. Mjomba Kosmas, mmoja wa wale wanne wa nyuma ya mtambo, alimjibu bila kufikiri: "Mwamba nao huchoka jioni, Kani. Unachelewa kujibu."

Watu wa Lihondo walimzungumzia Mgongaji kama mtu, na walikuwa na sababu. Zamani, kabla ya makaa kukatwa, mtu aliyeitwa mgonga dari alitangulia na fimbo ya chuma. Aligonga dari la mgodi, akasikiliza. Jiwe zima hulia kama kengele. Jiwe lililoachana na wenzake hulia kama debe tupu, na ukilisikia unaondoka kwanza, maswali baadaye. Mgonga dari wa mwisho alikuwa Anastasi Mtweve, baba yake Kanisia. Kwa miaka kumi na mmoja alivaa kofia yenye kinasa sauti, na kila alichogonga, kila alichosikia na kila alichoamua kikaingia kwenye akili unde. Akili hiyo ikajifunza hadi ikafuzu. Wakaiita sikiomwamba, wakaipandikiza ndani ya mtambo wenye mkono na meno, na tangu siku hiyo hakuna dari lililomwangukia mtu Lihondo.

Pamoja na sikio, mtambo ulirithi kile kimya. Hakuna aliyeufundisha kwa makusudi. Ulikikuta kwenye mafunzo ya mwalimu wake, ukakichukua. Wageni waliotembelea mgodi walielezwa kwamba huo ndio wakati Mgongaji anapowaza, na watoto wa shule walikuwa na mchezo wao: mmoja hugonga dawati mara tatu, na atakayecheka kabla ya taa ya kijani ametoka.

Kanisia akarudi kwenye kazi yake. Alipima gramu moja ya makaa yaliyosagwa, akaitia kwenye kikombe cheupe kisichozidi kifuniko cha chupa, akakifunika na kukiweka motoni. Dakika mbili na nusu. Makaa ya kawaida ukiyachoma hubaki majivu. Makaa ya kuyeyushia chuma yana tabia nyingine: yakipata joto bila hewa hulainika, huyeyuka, kisha huvimba kama andazi na kugandia hapo hapo. Alifunua kikombe, akakitoa kile kiandazi cheusi kwa kibanio, akakilinganisha na michoro ya ukutani iliyoanzia namba moja hadi tisa. Namba moja hakifai ila kuchemshia maji. Hiki kilikuwa namba nane.

"Nane," alisema, akaandika.

Mashine zilikwishapima behewa zima na kupata nane pia. Lakini kanuni ya kiwanda ilidai kwamba kila zamu jicho la mtu lione kikombe kimoja, na jicho hilo lilikuwa la Kanisia, msichana wa miaka ishirini na minne aliyeishia darasa la saba.

Mlango ukagongwa. Aliingia Mhandisi Faraji Lubawa, kijana mrefu, mpole, aliyehamia Lihondo mwaka mmoja uliopita na ambaye bado alikuwa hajazoea baridi. Alikuwa amevaa makoti mawili.

"Habari za kazi, mama Tekla. Dada Kanisia, naomba dakika zako chache. Ni habari ya baba yako."

"Baba yangu amefariki miaka sita sasa, mhandisi."

"Najua, dada. Pole. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Akaeleza taratibu. Chuma cha Lihondo ndicho kilichokuwa kinajenga gati la vyombo vya anga, na gati lilikuwa limechelewa. Miji mingine ilikwishajifunza kuyeyusha chuma kwa gesi, bila makaa kabisa, lakini nguzo za gati zilihitaji chuma cha tanuru, na tanuru lilihitaji makaa zaidi ya yanayotoka. Walichunguza kila hatua, wakagundua kwamba robo ya muda wa Mgongaji huishia kwenye kimya.

"Sikio linamaliza kazi kabla ya sekunde moja kutimia," alisema. "Tumelipima mara elfu. Sekunde zinazobaki halisikilizi chochote. Limesimama tu. Tunataka kuziondoa."

"Sasa mimi naingiaje?"

"Mkataba wa Sikio. Unasema kwamba alichofundisha mwalimu kisibadilishwe bila ridhaa yake, au ya mtoto wake. Mtoto ni wewe peke yako." Akaweka mezani bamba la kioo lenye alama ya kidole gumba. "Hatukulazimishi."

Kanisia aliitazama ile alama. Kwenye kiwambo Mgongaji aligonga tena mara tatu, na watu wanne wakashusha mashine zao. Alimtambua mjomba kwa jinsi alivyoegemeza mkono ukutani.

"Kama mkikosea," alisema, "wa nyuma yake ni mjomba wangu."

"Najua."

"Basi nipe siku tatu."

*

Habari ilifika chini ya ardhi kabla ya bamba la kioo kupoa. Zamu ilipotoka, Mjomba Kosmas alikuwa anamsubiri kwenye lango, uso umefutwa vumbi lakini kope bado nyeusi kama zimepakwa wanja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeweka kidole?"

"Bado."

"Usiweke." Alimshika bega. Huyu alikuwa ndugu wa marehemu mama yake, mtu wa mizaha, aliyeweza kuchekesha watu hata kwenye foleni ya hospitali. Leo hakuwa anachekesha. "Mimi nilifuatana na baba yako nikiwa kijana. Alikuwa akigonga anatuambia, 'Nyamazeni, mwamba unasema.' Tunanyamaza. Kile kimya ndicho kinachotuweka hai, Kani. Huyo mtoto wa makoti mawili atajua nini?"

"Anasema wamepima mara elfu."

"Baba yako hakupima, alisikiliza." Akageuka kuelekea kwenye kiti-waya, vile viti vya kuning'inia vilivyopandisha watu mlimani hadi makazini kwao. Zamani mjomba alivicheka, akisema ni vya wajawazito na maaskofu. Siku hizi alipanda kila siku. Magoti, alisema.

Kanisia hakupanda. Alipita njia ya zamani ya miguu, kama alivyozoea.

Njia hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya pili. Mama alipofariki yeye akiwa mdogo, baba alikuwa akitoka zamu anampitia shuleni chini ya mlima, wanapanda pamoja hadi nyumbani. Baba hakuwa na haraka hata siku moja. Njiani walikuwa na vituo vitatu, na kila kituo kilikuwa na somo lake.

Kituo cha kwanza kilikuwa bombani. Pale baba aliketi ukingoni mwa birika, akatumbukiza kipande cha makaa na kipande cha jiwe. Vyote vikazama. "Unaona? Kwa maji ya kawaida huwezi kuwatenganisha hawa. Ndiyo maana kiwandani wanayatia maji unga wa mawe ya chuma, yawe mazito. Makaa yanaelea, jiwe linakwenda chini, sumaku inaurudisha unga wao. Na ule ungaunga wa makaa unanaswa kwenye povu." "Kama la sabuni, baba?" "Kama la sabuni. Nieleze na wewe sasa, tuone umeelewa." Na yeye alieleza, mwanzo hadi mwisho, huku baba ametulia anamsikiliza.

Kituo cha pili, chini ya nguzo ya umeme, lilikuwa somo la matanuri. Membamba kama makabati, yamepangwa sitini kwa mstari. Makaa ya namba nane yanachanganywa na ya namba nne ili yasivimbe yakapasua ukuta, yanamwagwa kwa juu, milango inazibwa kwa udongo hewa isipenye. Yanaokwa mchana kutwa na usiku kucha. Gesi inatoka, lami inatoka, kinachobaki ni kitu cha kijivu, kigumu, chenye vitundu kama sifongo. Lihondo walikiita mkate. "Ule mkate, Kani, ndio unaobeba mawe ya chuma ndani ya tanuru kuu. Makaa ya kawaida yangepondeka. Mkate unasimama, upepo unapita kwenye vitundu vyake, na moshi wake unayanyang'anya mawe ile hewa yaliyoishikilia tangu Mungu aumbe dunia. Kinachobaki ni chuma."

Kituo cha tatu kilikuwa ukuta wa mawe kule juu, karibu na nyumbani, na ndicho alichokipenda kuliko vyote. Kutoka hapo matanuri yote yalionekana. Mlango ulifunguliwa, na mkate ukasukumwa nje ukiwa mwekundu, ukuta mzima wa moto, ukiangukia kwenye behewa. Behewa likakimbia hadi chini ya mnara, maji yakamwagwa, na wingu jeupe likapanda juu ya mji mzima. Harufu yake ilikuwa ya mayai na mvua. Wanawake walianua nguo wakitukana. Na baba aliketi ukutani, anasema, "Tazama, Kani. Tazama lile wingu. Linafanana na nini?"

"Kuku."

"Kuku gani ana pembe?"

"Kuku wa shetani!"

"Eleza vizuri. Ana watoto wangapi?"

Sasa hakukuwa na wingu. Miaka tisa iliyopita waliuziba mnara, na mkate ukawa unapozwa ndani kwa gesi, joto lake likigeuzwa umeme. Anga ya Lihondo ilikuwa safi kama sahani, nguo zilikauka nyeupe, na watu walishukuru. Kanisia naye alishukuru. Hata hivyo kila alipofika ukutani aliinua macho.

Jioni hiyo, akiwa amesimama pale, alipata wazo la kumwomba mhandisi kitu.

*

"Sauti mbichi?" Faraji alishangaa. "Zipo. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuzisikiliza, dada. Ni miaka kumi na mmoja. Akili unde yenyewe ndiyo iliyozisafisha, ikatoa kelele, ikabakiza mwamba."

"Nataka zenye kelele."

"Utasikiliza miaka kumi na mmoja kwa siku tatu?"

"Nitachukua chache za kila mwaka. Mimi ni mtu wa kusubiri vikombe, mhandisi. Nimezoea."

Akampa chumba kwenye maktaba ya sauti na vipokea-sauti vizito vilivyofunika masikio yote. Kila alipomaliza zamu alikwenda kuketi huko, kiganja kimoja juu ya meza, kidole kikihesabu.

Mwaka wa kwanza: ko, ko, ko, na papo hapo sauti ya baba, changa kuliko alivyoikumbuka: "Mzima huyu! Twende, twende!" Halafu mluzi. Kanisia alicheka peke yake. Hakujua kwamba baba aliwahi kupiga mluzi. Akarudia mara nne.

Kimya kilikuwa wapi? Hakikuwepo. Sekunde moja, na wakati mwingine haikutimia.

Mwaka wa nne zilikuwa sekunde tatu. Mluzi haukusikika tena. Mwaka wa tano, nne. Mwaka wa sita alisikia kwa mara ya kwanza yale maneno aliyoyasema mjomba: "Nyamazeni, mwamba unasema." Vishindo vya watu vikatulia. Kisha, karibu kabisa na kinasa sauti, kitu kilisikika ambacho hakikuwa mwamba. Kilikuwa chembamba, kinapanda na kushuka, kama mlango wa bati unaosukumwa na upepo. Kanisia aliongeza sauti. Akasikiliza tena. Akavua vipokea-sauti, akatazama mikono yake, akavivaa upya.

Kilikuwa ni kifua cha baba yake.

Aliendelea mwaka hadi mwaka, bila kuruka. Gonga mara tatu, nyamazeni, na mlango wa bati. Sekunde tisa. Sekunde kumi na tatu. Kofia ikigusana na ukuta wa makaa pale alipoegemea. Saa za mwisho za zamu pumzi zilichukua muda zaidi, na penye mwinuko zaidi bado. Mara moja, mwaka wa tisa, alinong'ona peke yake, wenzake wasisikie: "Bado kidogo. Bado kidogo, Anastasi." Kisha akapaza sauti, ya furaha kabisa: "Mzima huyu! Twende!"

Daktari alikuja kusema ni vumbi mwaka ule Kanisia alipomaliza darasa la saba, baba alipoletwa nyumbani na hakurudi tena kazini. Yeye akabaki kumuuguza, masomo yakaishia hapo, na hakuwahi kulalamika. Siku zote aliamini kwamba ugonjwa ulikuja ghafla. Ndivyo baba alivyosema. Baridi ya mlimani, alisema, imeniingia mwaka huu.

Siku ya tatu alichukua sauti ya mwaka wa nane. Hii ilikuwa ndefu kuliko nyingine, kwa kuwa baba alisahau kuzima kinasa baada ya zamu. Alisikia lifti, sauti za kuagana, kengele ya shule. Halafu sauti ya mtoto wa miaka kumi, kali kama ya kifaranga:

"Baba, leo tumejifunza kugawanya!"

"Haya, utanieleza bombani."

Hatua. Hatua. Maji ya bomba. Mtoto anaeleza kugawanya, tena kwa kirefu, anakosea, anarudia mwanzo. Na chini ya maneno yake, karibu na kinasa, mlango wa bati ulifunguka na kufungwa, ukafunguka na kufungwa, hadi ukatulia. Ulipotulia tu, baba akasema, "Umeelewa vizuri. Twende."

Hatua. Nguzoni akamuuliza habari za matanuri. Mtoto akaeleza. Mlango wa bati.

Hatua, sasa za polepole. Ukutani.

"Tazama, Kani. Tazama... lile wingu. Linafanana na nini?"

"Baba, hilo la leo halina umbo."

"Tafuta. Usiwe na haraka. Tafuta vizuri."

Na mtoto akatafuta. Akamwona kuku, akamwona na jogoo wake, akawapa watoto, akawajengea na banda. Alisema sana yule mtoto. Hakugeuka hata mara moja kumtazama baba yake, kwa sababu baba alimwambia atazame wingu.

Kanisia alikaa na vipokea-sauti masikioni hadi sauti ilipoisha, na baada ya kuisha alikaa navyo bado. Yote anayoyajua, ya maji mazito na ya matanuri na ya mkate, aliyapata pale baba aliposimama kutafuta hewa.

*

"Kwa hiyo ulikuwa unasema kweli," alimwambia Faraji. "Sikio halisikilizi kitu kwenye kimya. Kile si kimya cha mwamba. Mlipozisafisha hizi sauti mlitoa pumzi ya baba yangu, mkabakiza nafasi yake. Mtambo ukaona nafasi, ukadhani ni kazi."

Alimpa vipokea-sauti. Faraji alisikiliza amesimama, kisha akaketi. Alivua koti moja. Kanisia alihesabu sekunde kumi na moja kabla hajasema chochote.

"Tumekuwa tunaitangaza kwa wageni," alisema mwishowe. "Mtambo unaowaza."

"Ndiyo."

"Basi kuziondoa hakutamdhuru mtu."

"Dari halitamdhuru mtu," alisema Kanisia. "Ila nina masharti kabla sijaweka kidole. La kwanza, pumzi yake irudishwe mlikoitoa, na sauti ichezwe mara moja ukumbini, wafanyakazi wote wakiwepo. La pili, wale wanne wa nyuma ya mtambo wapigwe picha za kifua. Kwanza picha, kidole baadaye."

"Nikiipeleka hii juu, wataulizwa kwa nini mwalimu wetu hakupimwa miaka yote ile."

"Waulizwe."

Faraji alichukua koti lake. "Na picha zikitoka mbaya, dada, hao wanne hawatarudi chini. Hiyo ndiyo kanuni. Unajua kwamba mmoja wao ni mjomba wako."

"Najua," alisema Kanisia, ingawa alikuwa ameanza kujua wakati ule ule alipokuwa akisema. Aliukumbuka ule mkono ulioegemezwa ukutani kila Mgongaji aliponyamaza. Akakumbuka kiti-waya na yale magoti.

Sauti ilichezwa kesho yake saa nane mchana. Ukumbi ulijaa. Ko, ko, ko, nyamazeni, mwamba unasema. Na mlango wa bati ukasikika kwenye spika kubwa, kwa watu mia tatu, sekunde ishirini na sita. Watoto wa shule walikuwepo, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheza ule mchezo wao. Tekla alilia kwa sauti bila aibu. Kisha ikatangazwa kwamba vifua vitapimwa asubuhi inayofuata.

Mjomba Kosmas alisimama, akatoka.

Kanisia alimkuta nje ya lango. Watu walikuwa wanapanda kiti-waya wakiongea, na mjomba alipomwona anakuja akakipita kiti kilichokuwa wazi, akashika njia ya miguu kwa hasira.

"Umeniuza," alisema bila kugeuka. "Umemvua nguo baba yako mbele ya watu mia tatu, na mimi umeniuza."

"Shikamoo, mjomba."

"Usinishikamoo! Miaka ishirini chini ya ardhi, mimi. Watanipa kufagia majani."

"Kufagia majani unakohoa kidogo."

"Mtoto una mdomo wewe. Umeutoa wapi?"

"Kwako."

Alitembea mbele kwa nguvu, Kanisia nyuma yake. Walipofika bombani mjomba akasimama, akageuka, akaanza kumlaumu moja moja: jinsi alivyombeba mgongoni alipougua surua, jinsi alivyomfundisha kuendesha baiskeli, na haya ndiyo malipo. Alisema kwa vipande vifupi vifupi. Kanisia alimsikiliza, hakukatiza. Alipomaliza wakaendelea. Chini ya nguzo akasimama tena, akakumbuka jambo jingine la kulaumu, na hilo alilisema polepole zaidi, mkono mmoja kwenye nguzo. Hasira ilikuwa imepungua. Kilichobaki kilitafuta pa kushika.

"Baba yako alijua kugonga, bwana," alisema. "Sisi tulikuwa watoto tu mbele yake."

"Ulijua, mjomba? Kwamba alikuwa anapumzika?"

"Wakati ule hapana. Naapa." Akatazama viatu vyake. "Nilikuja kujua mwaka juzi. Mgongaji akinyamaza, nikajikuta nami nashukuru."

Wakapanda kipande cha mwisho, kile kikali, hatua moja moja. Jua lilikuwa bado juu ya milima. Mji wote ulilala chini yao, matanuri sitini yakiwa yamezibwa, mnara umezibwa, hakuna cheche wala mvuke. Anga ilikuwa tupu mwisho hadi mwisho.

Mjomba Kosmas alifika kwenye ukuta wa mawe, akauegemea kwa mikono miwili.

"Tazama, Kani," alisema. "Tazama... lile wingu."

Kanisia hakuinua macho. Alimtazama yeye: shingo iliyokaza, mabega yaliyopanda hadi masikioni, kope nyeusi.

"Nimeliona, mjomba."

"Linafanana na nini?"

"Kuku," alisema. "Pumzika kwanza. Kesho tunakwenda wote kupimwa. Nitakushika mkono."

Mjomba alitaka kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaisha kikaacha mlango wa bati. Kanisia akaketi ukutani, kiganja juu ya jiwe, kidole kikihesabu. Kumi. Kumi na nne. Ishirini. Alipofika ishirini na sita mjomba alikuwa bado hajainua kichwa. Akasogea karibu naye, akaendelea kuhesabu.